Siasa za Wastani na Pesa za Kesho: Maswali Tunayoulizwa Nairobi Kila Msimu wa Bajeti

Nimekuwa nikizunguka vyama vya akiba na mabaraza ya bajeti huku Eastlands kwa miaka kadhaa. Kikao kikiisha, watu hunifuata mlangoni na maswali ambayo hawakutaka kuuliza mbele ya wenzao. Nimeyakusanya hapa jinsi yalivyoulizwa, hata yale yaliyoulizwa kwa hasira.

Siasa za wastani ni nini hasa? Si ni kukaa katikati kama mtu aliyekosa pa kuegemea?

La. Mtu wa wastani ana upande wake, na huenda akaupigania kuliko wewe. Lakini akishindwa huenda mahakamani au huenda nyumbani. Haendi kung'oa reli. Akishinda, hafutilii mbali kila alichoacha mtangulizi wake ili aanze upya na bango lenye picha yake.

Hapa kwetu wastani haupimwi kwa kulia na kushoto. Mwaka 2022 muungano wa Kenya Kwanza uliahidi mikopo ya bei nafuu kwa mama mboga, na muungano wa Azimio ukaahidi shilingi 6,000 kwa mwezi kwa familia maskini. Nani kati yao alikuwa wa kushoto? Sisi hukatana kwa maeneo na makabila: nani ni "wetu", nani alale giza miaka mitano kwa sababu alipiga kura "vibaya". Kwa hivyo kipimo cha wastani ni rahisi kuuliza na kigumu kujibu: je, kiongozi huyu ataweka lami mahali ambapo hakupata kura?

Katiba ya 2010 ilijaribu kuwalazimisha. Haitoshi mgombea urais kupata zaidi ya nusu ya kura. Lazima pia apate angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Kabla ya hapo, mwaka 1992, Moi alirudi Ikulu akiwa na takriban asilimia 36, kwa kuwa wapinzani wake walikuwa wamegawana zilizobaki.

Kwa hivyo unatetea nusu mkate, yaani mahasimu kugawana serikali?

Hili ndilo swali ninalotukaniwa zaidi, basi nitalijibu polepole.

Pale Harambee House pana ngazi ambazo zimepigwa picha mbili zinazofanana sana. Ya kwanza ni ya tarehe 28 Februari 2008: Rais Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga, Kofi Annan akiwa shahidi. Ya pili ni ya 9 Machi 2018: Rais Uhuru Kenyatta na Raila, wakishikana mikono. Ukizitazama kwa mbali utadhani ni jambo moja lililorudiwa baada ya miaka kumi. Si moja.

Mwaka 2008 nchi ilikuwa inaungua. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na wengine laki kadhaa wamefukuzwa makwao. Mapatano yale yaliandikwa yakawa sheria bungeni, yakaunda cheo cha waziri mkuu, yakaweka ajenda ya mambo ya kurekebishwa: ardhi, mahakama, katiba. Tarehe 4 Agosti 2010 wananchi wakaipitisha Katiba mpya kwa asilimia 67. Waliokula nusu mkate ule walitoa risiti.

Handisheki ya 2018 ilituliza barabara, sikatai. Wenye maduka Luthuli Avenue walipumua, nami nilipumua. Ila tazama kilichofuata. Deni la taifa lilikuwa kama trilioni 5 katikati ya 2018. Kufikia katikati ya 2022 lilikuwa limepita trilioni 8.5. Katika miaka hiyo, waliochaguliwa kuuliza "pesa hizi zinakwenda wapi?" walikuwa wamesogea karibu na meza na sauti zimepungua. Mradi mkuu wa handisheki, mabadiliko ya Katiba ya BBI, uliangushwa na Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022. Risiti iko wapi?

Kisha kukaja makubaliano ya 7 Machi 2025 pale kwenye jumba la mikutano la KICC, kati ya Rais Ruto na hayati Raila Odinga, na siku hizi jina ni "serikali jumuishi". Hesabu ya hiyo bado haijafungwa. Mizani yangu haibadiliki. Maridhiano yanayomwacha mtu wa kuuliza maswali nitayaunga mkono hata yakiwa na harufu. Yanayomnunua muulizaji ni biashara ya watu wawili, na mimi na wewe ndio bidhaa.

Mimi ni fundi tu. Siasa za wakubwa zinanihusu vipi?

Twende Kamukunji. Ukipita soko la jua kali utasikia nyundo kabla hujaona mtu. Kuna fundi mmoja pale ninayemjua kwa miaka mingi, anatengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Mabati huyachukua kwenye duka la jumla kwa mkopo wa siku 30: anabeba leo, anagonga, anapaka rangi, anauza, analipa. Hana dhamana wala karatasi. Kuna daftari la mwenye duka tu, lenye jina lake na tarakimu.

Julai 2022 alikwenda kama kawaida. Mwenye duka akafungua daftari, akapiga mstari chini ya jina lake kwa rula, akasema, "Kaka, mpaka kura ipite ni keshi." Hakuwa amemkosea. Wala wateja wengine hawakuwa wamemkosea. Wote walipigiwa mstari ule. Fundi aliyekuwa akitoa masanduku ishirini kwa wiki akabaki anatoa saba, kwa sababu hiyo ndiyo bati aliyoweza kununua taslimu. Vijana wake wawili wakarudi nyumbani.

Uchaguzi ule ulipita kwa utulivu. Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi tarehe 5 Septemba, rais akaapishwa wiki iliyofuata, na mkopo wa bati ukarudi Oktoba. Hakuna jiwe lililorushwa Kamukunji. Lakini hofu ya jiwe ilikuwa tayari imekula miezi mitatu ya kazi yake. Zidisha jambo hilo kwa wauzaji wa Gikomba, Eastleigh, Industrial Area na River Road, ukikumbuka kwamba Nairobi peke yake hutoa zaidi ya robo ya pato la taifa. Nchi inayoogopa uchaguzi wake hupoteza miezi ya kazi katika kila miaka mitano, hata pale ambapo hakuna kilichotokea.

Kuna takwimu zozote, au ni hadithi za daftari?

Zipo. Uchumi ulikua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007, mwaka 2008 ukashuka chini ya asilimia 2. Ukame, bei ya mafuta na msukosuko wa fedha duniani vilichangia, kwa hivyo usiibebeshe siasa mzigo wote. Lakini reli iliyong'olewa Kibera haikung'olewa na ukame, na Uganda walipokosa mafuta Januari ile walijua sababu.

Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais, hisa zilishuka hadi biashara katika Soko la Hisa la Nairobi ikasimamishwa kwa muda. Na Julai 2024, baada ya Mswada wa Fedha wenye kodi mpya kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana, Moody's, shirika linalopima uwezo wa nchi kulipa madeni, liliteremsha kiwango cha Kenya kutoka B3 hadi Caa1. Kwa lugha ya sokoni: tulipewa sifa ya mkopaji ambaye duka halimwamini na mabati.

Vijana wa 2024 ndio walioharibu, basi?

Hapana, na hapa huwa nasimama.

Mswada ule ulikusudia kukusanya takriban bilioni 346 zaidi, kutoka mkate hadi nepi. Kabla ya barabara kujaa, vijana walikuwa wameusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama, wakauliza hesabu. Mimi nimekaa katika mabaraza ya bajeti ambayo aliyeleta kitabu hakuwa amekisoma. Kijana anayesoma mswada wa kodi na kudai kifungu kiondolewe ana msimamo wa wastani kuliko mheshimiwa aliyepitisha bila kuufungua.

Kuvamia Bunge tarehe 25 Juni lilikuwa kosa. Risasi zilizofuata zilikuwa kosa kubwa zaidi. Makumi ya watu walikufa katika maandamano ya majuma yale. Siku moja baadaye Rais akakataa kutia sahihi. Kama serikali ingesikiliza maoni yaliyopelekwa kwa kamati ya Bunge mwezi Mei, tungekuwa na mswada mbaya kidogo na watu wote wakiwa hai. Ukali ulianza pale waliposema "tumesikia" na wakapitisha.

Serikali "kuwekeza" maana yake nini? Naona inatumia tu.

Bajeti ina mafungu mawili makubwa: matumizi ya kawaida, yaani mishahara, mafuta, chai na usafiri, na maendeleo, yaani vitu vinavyobaki. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo katika kipindi cha miaka kadhaa. Kaunti nyingi hazifiki.

Lakini usidanganywe na majina ya mafungu. Mshahara wa mwalimu wa chekechea umeandikwa matumizi ya kawaida. Geti la soko lenye jina la kiongozi kwa herufi za dhahabu limeandikwa maendeleo. Kipi kitakulipa baada ya miaka ishirini? Kule kwetu watoto wa shule za umma wanakula chakula cha mchana cha Dishi na County, mzazi analipa shilingi 5. Wapo wanaokiita siasa. Mimi nakiita uwekezaji, kwa sababu mtoto mwenye njaa hasikii hesabu, na gavana ajaye akija na chuki ya kukifuta kwa vile si chake nitakuwa wa kwanza kwenda City Hall kupiga kelele.

Nipe mfano mmoja wa mradi uliofaulu kwa sababu hakuna aliyeung'oa.

Olkaria, karibu na Naivasha. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa miaka ya 1950, mkoloni akiwepo, vikaachwa. Utafiti ukafufuliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1981, Moi akiwa madarakani, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kutoa umeme. Kibaki alipokuja hakusema "hii ni ya KANU". Mwaka 2008 serikali ikaunda kampuni ya kuchimba visima vya mvuke, maana kisima kimoja hugharimu pesa nyingi na kinaweza kutoka kitupu, na hakuna mwekezaji binafsi anayependa kubeba hasara hiyo peke yake. Mwaka 2014 Uhuru akazindua mitambo mipya mikubwa.

Hakuna rais hata mmoja kati ya hao aliyeweza kuanza na kumaliza mradi huo katika muhula wake. Leo karibu asilimia 40 ya umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa ardhini, na ukame ukikausha mabwawa taa za mtaa wa Umoja bado zinawaka. Haukuwa mradi wa malaika. Wamaasai waliohamishwa kupisha Olkaria IV walilalamika hadi Benki ya Dunia, na ikabidi pakae kikao cha usuluhishi. Uvumilivu wa vizazi haumwondolei mtu haki ya kuuliza shamba lake limekwenda wapi.

Na ambao uling'olewa?

Simama kwenye daraja la waenda kwa miguu Thika Road, utazame chini. Mwaka 2018 tulichorewa mstari mwekundu kwenye lami, tukaambiwa njia hiyo ni ya mabasi ya mwendo kasi. Magari yakaendelea kupita juu yake mpaka rangi ikafifia kama rangi ya kucha. Baadaye vikaanza kujengwa vituo katikati ya barabara, navyo vikakwama, vyuma vikishika kutu.

Nairobi ina ugonjwa wake. Katika miaka kumi ya kwanza ya ugatuzi tuliongozwa na magavana wanne: Kidero, Sonko, Kananu, Sakaja. Katikati yao, kuanzia Machi 2020 hadi Septemba 2022, afya, uchukuzi, ujenzi na mipango viliondolewa City Hall vikapewa Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi chini ya jenerali. Kila anayeingia huanza kwa kuunda kamati ya kukagua madeni ya wanakandarasi upya. Wengine walistahili kukaguliwa, maana bili hewa zipo. Lakini yule aliyeleta dawa au alitengeneza madawati kweli naye hungoja. Malimbikizo ya kaunti yamepita bilioni 80. Mkandarasi akijua huenda asilipwe mpaka gavana wa tatu, huongeza hofu hiyo kwenye bei. Ndiyo maana choo cha umma huku kinagharimu kama nyumba.

Kukopa ni dhambi?

Si dhambi. Thika Superhighway ilijengwa kwa mikopo, na nauli na muda tulizookoa zinajulikana. Katiba yenyewe, Kifungu cha 201, inasema mzigo na manufaa ya mikopo ya umma vigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vijavyo. Hapo kuna neno "manufaa". Mtoto wako anaweza kulipa deni la bwawa kwa sababu atakunywa maji yake. Deni la semina ya Mombasa atalilipa kwa nini?

Chukua mkopo wa Eurobond, yaani deni la dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, wa Juni 2014. Dola bilioni 2, na kati ya hizo bilioni 1.5 zilipaswa kulipwa zote kwa mpigo Juni 2024. Tulipokopa, dola ilikuwa kama shilingi 87. Januari 2024 ilikuwa imefika karibu 160. Bila kuongeza senti, kilichokuwa kama bilioni 130 za shilingi kikaonekana kama bilioni 240. Februari ikabidi tukope dola nyingine bilioni 1.5 kwa riba iliyopita asilimia 10, ili tulipe mkopo uliokuwa wa asilimia 6.875. Shilingi ikapata nguvu ikarudi karibu 130, afueni kubwa. Lakini tunayo miaka kumi iliyopita hapo katikati, na katika miaka hiyo kila upande wa siasa ulishika madaraka au ulikaa karibu nayo. Hakuna anayeweza kusema hakuwepo.

Mimi mwenyewe naweza kuwekeza kwa serikali? Nasikia ni ya matajiri.

Ilikuwa. Mwaka 2017 serikali ilileta M-Akiba, hatifungani (karatasi ya kuikopesha serikali kwa riba) ya kununua kwa simu kuanzia shilingi 3,000, riba asilimia 10 bila kodi. Wazo zuri, lakini halikudumu. Siku hizi mlango ni DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ulioanza 2023: kitambulisho, akaunti ya benki, simu au kompyuta, unafungua akaunti mwenyewe bila kupanga foleni mjini. Hatifungani ya kawaida huanzia shilingi 50,000, riba hulipwa kila miezi sita, mtaji unarudi mwisho. Riba hukatwa kodi, asilimia 15 kwa hatifungani fupi na 10 kwa zile za miaka kumi na zaidi. Za miundombinu zimekuwa hazikatwi, ndiyo maana hugombaniwa.

Tahadhari mbili. Kwanza, ukihitaji pesa kabla ya muda kuisha, unauza sokoni kwa bei ya siku hiyo, na riba mpya zikiwa juu bei yako inakuwa chini. Ada ya shule ya Januari usiifungie kwenye karatasi ya miaka 15. Pili, na hili hawalisemi kwenye matangazo: Februari 2024 hatifungani ya miundombinu ililipa asilimia 18.46. Serikali iliomba bilioni 70, watu wakaleta zaidi ya bilioni 280. Chama chetu tulifurahi. Lakini jiulize, benki ikipewa asilimia 18 na serikali bila jasho, itamkopesha fundi wa masanduku kwa sababu gani? Faida yangu kwenye karatasi ile ilikuwa sehemu ya ukame wake. Riba zimeshuka sana tangu wakati huo, na ingawa zimenipunguzia mapato nimefurahi, kwa shingo upande.

Mwaka wa uchaguzi ninunue au nisubiri upite?

Si kazi yangu kukuambia ununue nini. Nitakupa kisa tu. Machi 2008, majuma machache baada ya mapatano ya Harambee House, hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5. Upande wa ODM, chama cha Raila, ulikuwa umelipinga zoezi hilo kabla ya mapatano. Zaidi ya watu laki nane walinunua, wengine kwa mkopo wa benki, wengine waliuza ng'ombe. Mwaka uliofuata bei ilishuka chini ya shilingi 3. Waliokopa waliuza kwa hasara. Waliosahau cheti kwenye sanduku wakacheka baadaye. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Pesa utakazozihitaji kabla ya siku hiyo usizipeleke mbali.

Bajeti ya kaunti naingiaje? Nikienda nitasikizwa?

Kalenda kwanza, kwa sababu wengi huja wakati chakula kimeliwa. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba. Hapo ndipo mradi wako unapozaliwa au kukosa kuzaliwa. Waraka wa mkakati wa fedha, unaogawa mafungu kwa idara, hufika kabla ya 28 Februari. Makadirio yenyewe hufika kabla ya 30 Aprili, na kupitishwa ni kabla ya 30 Juni. Ukija Juni kudai zahanati umekuja kwenye matanga.

Je, utasikizwa? Nitakuambia nilichokiona katika wadi moja, moja kati ya zile 85 za Nairobi. Kikao kilitangazwa Jumatatu jioni, kikafanyika Jumatano saa nne asubuhi, saa ambayo kila mwenye kazi yuko kazini. Nakala za bajeti zilikuwa tatu, kwa Kiingereza, kwa watu wapatao sitini. Nyingi kati ya saa mbili zilizotengwa zilikwenda kwa hotuba na salamu. Kisha mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa amekaa nyuma na beseni lake tupu, akasimama na ukurasa aliopiga picha kwa simu ya mwanawe. Akauliza: "Hapa mmeandika taa za soko letu milioni nne. Mwaka jana pia mliandika milioni nne. Taa ni zile zile au ni zingine?"

Ukumbi ukanyamaza. Ofisa akapekua, akapekua tena, akasema atarudi na jibu. Mama akasema atangoja, akaketi, akaweka beseni magotini. Jibu lilichukua miezi. Taa zinawaka sasa, mbili kati ya nne.

Sitakuambia ni ushindi mkubwa. Lakini aliuliza jambo moja, lenye tarakimu na ukurasa, na hakuuliza mradi wa MCA, mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti, ni wa chama gani.

Mgombea anayehubiri wastani nitamjuaje kama ni wa kweli?

Muulize atamaliza nini. Kuanza wanaanza wote. Akutajie mradi mmoja wa hasimu wake ambao hataugusa, na awe tayari kuutaja akiwa jukwaani kwao, siyo kwako.

Kwenye chama chetu siasa zinatutenganisha. Tufanyeje?

Chama chetu kina watu 22, kutoka makabila saba kwa hesabu yangu. Agosti 2017 kilikaribia kufa. Mtu mmoja alituma kwenye kundi la WhatsApp picha ya kumdhihaki mgombea, mwingine akajibu kwa tusi la kabila, na kufikia Jumapili watu wanne walikuwa wametoka kwenye kundi na mweka hazina anashindwa kukusanya mchango. Wakati huo tulikuwa na kiwanja nusu tumekilipia Kamulu. Muuzaji hakuwa na habari na uchaguzi wetu; yeye alikuwa na tarehe yake.

Tuliokolewa na mzee mmoja aliyewapigia wote wanne simu na kuwaambia jambo moja: ukitoka, pesa zako utarudishiwa baada ya kiwanja kuuzwa, na kiwanja hakiuzwi. Wakarudi, wamenuna.

Mwaka 2022 tulijiandaa mapema. Tuliandika kwenye katiba ya chama kwamba kutuma jambo la kampeni kwenye kundi ni faini ya shilingi 200, na anayetoza ni mwanachama wa upande ule ule aliyetuma, ili asiseme ameonewa. Kubishana ana kwa ana baada ya mkutano, chai ikiwa mezani, hakuna faini. Bishaneni mpaka usiku. Mimi mwenyewe nilitozwa mara tatu. Kufikia Oktoba faini zilitosha kununua viti 12 vya plastiki, vya buluu. Ndivyo tunavyokalia kila mkutano.